Kungwi wa Mbio za Magari

Hakuwahi kumwuliza mtu kama anapenda magari. Aliuliza kama amekula. Ukisema hujala, alikutafutia muhogo wa kukaanga; ukisema umekula, alikuuliza tena baada ya kitambo, kwa sauti ya mtu asiyekuamini. Magari yalikuja baadaye. Na yalipokuja, yakinguruma kutoka upande wa mashamba ya zamani ya mkonge, wewe ulikuwa umeshakaa kivulini, una maji mkononi, unajua choo kiko nyumba ipi, na pembeni yako yuko mwanamke mnene aliyejifunga kanga mbili, amekushika kiwiko kana kwamba wewe ndiwe utakayekimbia.

Kilosa nzima ilimwita Kungwi. Watu wazima walimwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi iliyompa heshima: aliwafunda wasichana wa nyumba nyingi za mtaa wetu wa Magomeni, na mama zao kabla yao, na aliyowaambia ndani hayakuwahi kutoka nje. Vijana wa gereji walikuwa na sababu yao. Kwao alikuwa kungwi wa mbio. Yeyote aliyekuja kwa mara ya kwanza kutazama magari yakishindana kwenye barabara zetu za vumbi, alikuwa mwali wake, awe mwanamume mwenye ndevu au bibi mwenye wajukuu.

Mbio zenyewe hazikuwa za kuonyeshwa kwenye televisheni. Zilifanyika kiangazi, baada ya mavuno, udongo ukiwa umekauka hadi kuwa unga. Washindani walikuwa mafundi, wafanyabiashara wa mpunga, na mzee mmoja aliyewahi kuendesha matrekta. Magari yao yalikuwa yale yale yaliyobeba magunia juma zima. Yaling'olewa viti vya nyuma na kufungwa mabomba ya chuma ndani, ili yakipinduka paa lisimwangukie dereva. Kila gari liliondoka peke yake, likishindana na saa. Hilo ndilo lililowachosha wageni. Walikuja wakitegemea kuona magari yakisukumana bega kwa bega. Wakaona moja, vumbi, kimya kirefu, kisha jingine. Mgeni asiye na mtu wa kuzungumza naye aliangalia simu yake, akaangalia jua, akaenda zake.

Kimya kile ndicho Kungwi alichokifanyia kazi.

Mimi nilihamia Magomeni kufundisha sekondari, nikapanga chumba kilichotazamana na mlango wake. Simjui mtu, shule imefungwa, nimelala na kitabu kifuani. Asubuhi moja akabisha.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Basi vaa viatu vya kufunga. Utakula hukohuko."

"Huko wapi?"

"Ningekwambia, ungetafuta visingizio."

Tulitembea kwa miguu hadi kwenye kona moja iliyopinda kama mkono wa kikombe. Hakunitajia aina ya injini hata moja. Alinitajia watu. Gari la kwanza lilipoanza kusikika mbali, aliniambia nifumbe macho. "Msikilize. Hapo anaogopa. Umesikia alivyoachia mafuta? Haya, sasa ameamua." Likapita, likatufunika vumbi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaendelea kana kwamba tuko sebuleni. "Anayefuata, mkewe hataki mchezo huu. Amemuaga kwamba anakwenda Morogoro kununua spea."

"Sasa mkewe akijua?"

"Anajua. Yule pale, mwenye gauni la kijani. Amekuja kuona spea."

Magari yalipozunguka mara ya pili, nilikuwa nimesimama, nimepoteza leso, nampigia kelele mwanamume nisiyewahi kukutana naye, huku mke mwenye gauni la kijani amejishika kichwa kwa mikono miwili na anapiga kelele zaidi yangu. Mpaka leo sijui gari lile lilikuwa la aina gani.

"Mgeni mpe mtu wa kumshangilia," Kungwi alizoea kusema. "Chuma hakina habari."

Kanuni yake nyingine ilikuwa kwamba kila shabiki alete mtu mmoja. Mmoja tu. Kulikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Seba, mwenye kibanda karibu na stesheni, mtu wa maneno mengi na shabiki wa siku zote. Mwaka mmoja Seba alikodi lori, akafunga spika juu, akazunguka mitaa yote na kuleta watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Walicheza muziki, walikunywa, waligeukia spika na kuipa barabara mgongo, wakarudishwa mjini bila hata mmoja kujua nani ameshinda. Seba alikuja kwa Kungwi akitegemea sifa.

"Umeona, mama? Watu!"

"Nimeona watu. Yupi wako?"

"Wote."

"Taja jina la mmoja."

Seba akacheka, akajikuna shingo. Hakuwa nalo.

Kabla ya mbio Kungwi alikuwa na kazi nyingine isiyoonekana. Alipita kwenye nyumba zote zilizopakana na njia, akaketi, akasema siku hiyo mbuzi wafungwe na watoto wakae upande wa juu. Akina mama aliwaomba wakaange samaki na wapike chai, wauze wenyewe, asije mtu wa mjini kuwachukulia biashara. Mwenye nyumba aliyeombwa ruhusa, alisema, hutoka nje kutazama. Ambaye hakuombwa hutoka nje kugomba.

Nikimsifu hivi atakuwa malaika, naye hakuwa. Alikuwa na wivu. Mgeni aliyempokea akihamia kwa shabiki mwingine, alinuna siku nzima na kusema mwali wake kaibiwa. Washindi hakuwapenda, hata walipokuwa waungwana. Alidai kikombe humharibu mtu mdomo. Ukimwuliza alianzaje kupenda mbio, alikupa jibu jipya kila mara: mara gari lilikata kona mbele ya mlango wake na kumwaga unga wake, mara marehemu mumewe alikuwa utingo, mara aliona tu watu wanakimbia akadhani kuna msiba, akafuata.

Na yeye mwenyewe hakuweza kupanda gari. Kutoka Magomeni hadi sokoni tu, alishuka amekunja uso na ndimu puani. Safari zake alizifanya kwa miguu au kwa treni, ile ya polepole, na treni nayo ikiongeza mwendo baada ya stesheni ya Munisagara aliilalamikia kwa jina la Mungu. Vijana wa bodaboda waliopita kasi mtaani aliwafuata na mwiko mkononi. Niliwahi kumwambia kwamba mambo hayo mawili hayaendani.

"Yanaendana," alisema. "Ngoma ina uwanja wake. Nani anacheza ngoma jikoni kwa mtu?"

Adhuhuri ikifika alitandika gunia nyuma ya kichaka, akaswali. Gari likipita hakugeuka. Akishamaliza kutoa salamu, kulia na kushoto, ndipo aliuliza, "Nani huyo aliyepita? Gia ya pili imemkataa."

Jambo lililomtofautisha na mashabiki wengine wote lilitokea jioni. Magari ya mbele yakishafika, watu walikusanya viti wakaondoka. Yeye alibaki. Alibaki mpaka gari la mwisho, na la mwisho kwa kawaida lilikuwa la mtu anayeshindana kwa mara ya kwanza, linatoa moshi, taa moja inaning'inia. Alilipigia vigelegele vya harusi. Dereva aliyefika akidhani hakuna aliyebaki, akaona mwanamke yule peke yake anarusha kanga hewani, hakusahau. Mzee wa matrekta alinieleza kwamba alikuwa ameamua kuacha, mwaka wake wa kwanza. "Vigelegele vile," alisema, "hata mke wangu hajawahi kunipigia."

Ikafika kiangazi ambacho mwenyekiti wa mbio, mwenye gereji, mtu wa maneno machache, alituita chini ya paa lake la mabati na kusema wazi. Madereva walikuwa wanazeeka. Wawili wameuza magari, mmoja mgongo umemkatalia. Tusipopata sura mpya mwaka huu, mbio za mwaka unaofuata hazitakuwepo. Hakupandisha sauti. Watu walianza kulaumiana. Chakula nilichompelekea Kungwi jioni ile nilikikuta asubuhi kama nilivyokiacha. Nilielewa basi kwamba kwake huu haukuwa mchezo wa kupitishia Jumamosi. Alikuwa amewapokea watu maisha yake yote, na sasa nyumba aliyokuwa akiwapokelea ilikuwa inafungwa.

Mwaka ule sura mpya ilikuja moja. Kijana aliyeitwa Hamisi alifika kutoka Lumuma, huko milimani, na pikapu ya nyumbani kwao, ile ya kubebea vitunguu. Alikuwa ameiosha, lakini maganda yalikuwa yamebaki kwenye pembe za bodi, na gari lilipoanza kukimbia maganda yaliruka nyuma yake kama kuku ananyonyolewa. Ilipotokea kwenye kona yetu, Seba alipaza sauti:

"Jamani, soko ni upande wa huku! Kilo bei gani?"

Watu wakaangua kicheko. Mtu mwingine akajifuta macho kama anayemenya vitunguu, wote wakamwiga. Hamisi aligeuza kichwa kidogo tu kutazama, na hapo hapo akaikosa kona, akatumbukia mtaroni. Hakuumia. Kicheko kiliongezeka. Akashuka, akavua helmeti ya kuazima, akaiweka taratibu juu ya jiwe. Pikapu ilipovutwa nje, aliipanda akaenda zake bila kumtazama mtu.

Kungwi hakuwepo. Alikuwa amempeleka mgeni chooni kwenye nyumba ya jirani. Alirudi kicheko hakijaisha.

"Mmecheka nini?" Watu wakageukia barabara. "Nimeuliza mmecheka nini, na mimi nicheke."

Seba akasema, "Utani tu, mama. Watu wa huko si watani wetu?"

"Utani unaanza baada ya salamu. Ulimsalimia?"

Seba akainama kufunga kamba za kiatu.

"Kesho tunakwenda Lumuma," Kungwi alisema. "Mimi, wewe, na mwalimu wa kushuhudia."

"Mimi nina nguo za watu, mama. Kuna harusi."

"Watavaa za zamani."

Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua mzigo. Sijapata kuona mtu akiteseka kama yeye njia ile ya milima. Ndimu haikusaidia. Alitapika dirishani mpaka hakuwa na cha kutapika, akafunga macho, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Seba, aliyeanza safari akinong'ona kwamba tunapelekwa msibani bila maiti, alinyamaza. Baadaye nilimwona amevua koti lake akalikunja na kuliweka nyuma ya shingo ya Kungwi.

Mama yake Hamisi tulimkuta uani, anachambua vitunguu. Alitukaribisha, akatupa mikeka na maji, lakini mikono yake haikuacha kazi. Hamisi alisimama mlangoni.

Kungwi alijimwagia maji usoni, akaketi, akamgusa Seba begani. "Sema."

"Mama," Seba alianza, na yule msema maneno yote akakosa neno. "Mama, mimi... nilimcheka mwanao kabla sijamsalimia."

"Basi msalimie," mama alisema.

Seba akainuka, akaenda mlangoni, mtu mzima yule mbele ya kijana. "Habari yako, ndugu yangu."

"Salama," Hamisi alijibu. Kisha, baada ya kumwangalia sana: "Kilo bei ya leo ni ya shambani. Ukitaka."

Mama ndiye aliyecheka wa kwanza. Lakini Kungwi alipoanza kueleza ombi lake, kicheko kikaondoka.

"Gari lile ndilo linalotulisha," mama alisema. "Limerudi boneti imebonyea. Mnataka alirudishe tena?"

"Sikuja kuomba gari. Gari libaki na vitunguu vyake. Nimekuja kumwomba yeye. Kuna dereva wetu msoma ramani wake amehama. Hamisi akae kiti cha kushoto, amsomee njia. Ajifunze. Siku ya gari lake mwenyewe itakuja, au haitakuja."

"Na akifa?"

Nilidhani angesema hafi, kama watu wanavyosema. Hakusema. Alifuta midomo.

"Sitakudanganya, mwenzangu. Yanapinduka. Mara chache, lakini yanapinduka. Njoo usimame na mimi pale kwenye kona. Ukiona haifai, mchukue mchana huohuo, mimi mwenyewe nitawafungia njia mpite."

Mama alichambua vitunguu muda mrefu. "Nitakuja kuona," alisema mwisho. "Sijasema nimekubali."

Alikuja. Kiangazi kilichofuata alisimama pembeni ya Kungwi kifua kimekaza, na gari alilokaa Hamisi kiti cha kushoto lilipoingia konani alifumba macho, akayafumbua, akamshika Kungwi mkono hadi kuuachia alama. Hakumchukua mwanawe mchana ule. Nyuma yake walikuwa wamekuja mabinamu, na rafiki wa binamu mwenye gari bovu na hamu kubwa, na mwenyekiti alikuwa anapita kati ya magari akihesabu kwa midomo, kama mtu anayeogopa kwamba akihesabu kwa sauti yatapungua. Mbio hazikufungwa.

Hata hivyo Kungwi hakutulia. Niliona furaha yake ina ufa. Alisema mtu mmoja kwenda Lumuma na kutapika njia nzima si dawa, ni bahati. "Mimi nikilala," aliniuliza wakati mmoja tukiosha vyombo, "nani atakwenda chooni na mgeni?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha nilihamishwa, nikaondoka Kilosa kwa miaka. Magari ya ujenzi yalianza kuitengeneza njia yetu, na mbio zikahamia maeneo ya nje ya Mikumi, kwenye barabara za mashamba zilizobaki na vumbi. Nilisikia Kungwi naye amehamia huko, kwa mwanawe, macho yamefifia.

Mwaka jana nilimfuata. Alikuwa amekonda; kanga zilimzunguka mara nyingi zaidi. Alinitambua kwa sauti. Mbio zilikuwa kesho yake, naye alitaka kwenda, lakini kwa sharti.

"Usimwambie mtu mimi ni nani. Wa zamani wengi hawaji siku hizi, na wapya hawanijui. Nataka nisimame kama mgeni. Nione kama bado wanapokea."

"Na wasipopokea?"

"Nitakuwa nimejua."

Tulikwenda kwa bajaji, mwendo wa kobe, yeye akimgombeza dereva kwenye kila shimo. Tulisimama pembeni ya njia, juani, mahali pabaya kwa makusudi yake mwenyewe. Vijana walipita wakicheka na simu zao. Mwanamume mwenye kiti cha kukunja alikaa mbele yetu bila kutuona. Mkono wa Kungwi ulionishika ulikuwa unakaza kidogo kidogo. Gari la kwanza lilipita. Kimya. Kwa mara ya kwanza nilikisikia kimya kile jinsi kilivyo kirefu, na nikatamani kupiga kelele kuwaambia watu wote wale walikuwa wamesimama mbele ya nani.

Ndipo akatokea binti mmoja, mwembamba, mwenye kofia iliyochomekewa nywele za rasta, amebeba kreti la soda tupu.

"Shikamoo, bibi. Hapo jua litakumaliza. Njooni huku kwenye ukingo, kaa juu ya hili." Aliligeuza kreti, akapangusa kwa kiganja. "Umewahi kuona mbio, bibi?"

"Nimesikia tu habari zake," Kungwi alisema, na akanifinya ninyamaze.

Binti akachuchumaa karibu yake. Alieleza vibaya. Alichanganya nani ameondoka wa pili na nani wa tatu, na gari alilosema ni la Morogoro lilikuwa la hapohapo Mikumi. Lakini alieleza kuhusu fundi simu anayeshindana na tairi za kuazima, na kuhusu dada mmoja mwuguzi aliyejifunza kuendesha juzi juzi tu, na jinsi baba yake asivyotaka kuja lakini anapiga simu kila saa. Kungwi aliuliza maswali ya kijinga kabisa. Kwa nini hawaendi pamoja? Wanajuaje nani kashinda? Binti alijibu yote bila kuchoka.

"Na wewe, mwanangu, nani alikuleta?"

"Dada mmoja wa Kidodi. Mimi nilikuwa nimesimama peke yangu, kama nyie."

"Na yeye nani alimpokea?"

Binti aliinua mabega. "Sijui, bibi. Nadhani watu wa mbio ndivyo walivyo tu."

Kungwi aligeuza uso upande wa barabara. Sikuuona vizuri. Nilichoona ni mkono wake ukiniachia, taratibu, kidole baada ya kidole, na kutulia magotini.

Kutoka nyuma ya kilima injini ilianza kusikika. Watu walijongea mbele, na yeye akainuka kutoka kwenye kreti akajongea nao, akinyoosha shingo kulitafuta gari kwa macho yasiyoona mbali.

"Bibi, rudi nyuma," binti alisema, akimshika kiwiko. "Hapo kwenye kona gari huwa linatupa mkia."

Na mwanamke yule akarudi nyuma hatua moja, kama alivyoambiwa.